Usiitike Usiyemwona

Omena, wale dagaa wa ziwani, ikinyeshewa kabla haijakauka inatoa harufu ambayo haifanani na kitu kingine. Si uvundo wa samaki aliyeoza, hapana. Ni ukali kidogo na utamu kidogo, kama maziwa yaliyomwagikia nguo ya mtoto. Wiki iliyopita mvua ilinikuta nimeanika. Nikakimbia kukunja nyavu, nikachelewa. Nilipoinama kuzoa zile za juu, ile harufu ikanipanda puani. Mwanamke mzima, mwenye wajukuu, nikakaa chini kwa mchanga wa Muhuru Bay mvua ikininyeshea, nikiangalia nyuma kama mtoto anayefukuzwa.

Nyinyi wa rika langu mtanielewa. Tuna mambo ambayo hatukuwahi kuambiana, kila mtu aliyafunga kwa leso yake akayakalia. Mimi shule niliachia darasa la nne, kwa hivyo siandiki kama mwalimu. Lakini majina nitayataja. Nehemia Osano. Rosbela Awino. Zakayo wa ng'ombe. Huyo Zakayo amekufa. Hao wengine wawili wanakula ugali mpaka leo, na Nehemia watu wanamwita Askofu.

Nianze na dani, mama yake mama, kwa sababu bila yeye huwezi kuelewa chochote. Dani alitufundisha hivi: ukisikia jina lako linaitwa na humwoni anayeita, nyamaza. Usiseme niko, usiseme nakuja, hata shingo usigeuze. Mtu wa nyama na damu atakuja ajionyeshe. Yule asiyeweza kujionyesha anataka sauti yako tu, na ukimpa, amekushika. Na kwetu saa mbaya haikuwa usiku. Usiku wanaume wako ziwani na taa zao, ziwa linang'aa kama mji. Saa mbaya ilikuwa saa sita mchana, wavuvi wamelala, omena imeanikwa, hata mbwa hasemi kitu. Ndiyo saa watu wa ziwa na watu waliokufa wanatembea. Kulikuwa na jirani yetu aliitika mchana hivyo akifua nguo, akageuka hakuona mtu. Omena aliyoanika siku hiyo ilikuja kuuzwa na wengine, yeye akiwa kaburini.

Kwa hivyo nyumbani kwetu hakuna mtu aliyeita mwenzake kutoka mbali. Mama akinitaka alikuwa anaacha kazi yake, anatembea mpaka anasimama mbele yangu, ndipo anasema, "Akoth." Majirani walikuwa wakimcheka, wanauliza kama hana koo.

Baba yangu alikuwa ameshakufa. Mama akashikwa na kifua, akawa anakohoa mpaka anainama. Siku ile mvua ilipiga omena yetu yote na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuikusanya, ikabaki pale kwenye nyavu inanuka. Ndipo Rosbela akaingia na kanzu yake nyeupe na kitambaa cha kijani kichwani. Rosbela ni dada ya baba, waya kwa lugha yetu, na waya hakatazwi kitu. Akamwambia mama aende hospitali Migori atibiwe, yeye atanipeleka Oyugis nisome huko mpaka mama apone. Mama alimshika mkono akamwambia anitunze. Mimi nilikuwa nafurahia viatu nilivyoahidiwa. Sikuviona vile viatu. Shule pia sikuiona.

Boma la Nehemia lilikuwa nyuma ya vilima, mbali kidogo na soko la Oyugis. Kanisa la mabati katikati, vibanda vyetu pembeni, na kuzunguka kote ua wa mnyaa, ule mti wa utomvu mweupe ambao ukiingia jichoni unaweza kukupofusha. Tulikuwa watoto wengi. Waliotuleta walisema tumetolewa kwa Bwana. Kutolewa kwenyewe kulikuwa kuchimba viazi vitamu, kubeba maji, kumenya njugu karanga mpaka vidole vinatoka damu, na kulala na njaa. Nehemia tulimwita Baba Mtumishi.

Siku yangu ya kwanza alituketisha chini, akashika donge la udongo mkononi. Akatuuliza kama kuna mtu amewahi kusikia udongo ukilia. Tukasema hapana, Baba Mtumishi. Akalifinya lile donge mpaka likatoka katikati ya vidole vyake. Akasema, "Basi na nyinyi msilie. Mungu anawafinyanga kwa mkono wangu."

Mimi nilichukua maneno yale vile yalivyo. Nilidhani siku itafika atanishika uso na vile viganja vyake vinene, vilivyopasuka kama shamba la kiangazi, aukandamize, anitengenezee pua nyingine na macho mengine. Na mama akija hatanijua. Kila asubuhi kabla sijaamka nilikuwa napapasa pua yangu, kisha masikio, kuona kama bado ni mimi. Mnaweza kucheka. Mimi mpaka leo nikiwa na wasiwasi mkono unaenda puani wenyewe.

Halafu kulikuwa na wito. Alituhadithia habari za yule kijana wa kwenye Biblia aliyelala hekaluni akasikia jina lake, akaitika, akawa nabii. Akasema kila mtoto wa boma lile lazima aitwe. Saa sita mchana mtoto anawekwa peke yake ndani ya kanisa, mlango unafungwa, anangoja. Bwana atamwita kwa jina. Akiitika, amekuwa chombo: atakula chapati na wazee, kisha atatumwa kazi ya Bwana. Asipoitika, bado ni udongo, na udongo mbaya unapondwa upya.

Niliposikia hivyo nikamkumbuka dani. Saa sita mchana. Sauti isiyo na mtu. Na nitakiwe kuitika! Nilitazama wale watoto wengine wakiimba na kupiga makofi, nikajua wanapelekwa kuuawa na mimi peke yangu ndiye nimeambiwa.

Nilimwambia Apiyo. Tulikuwa tunalala mkeka mmoja. Apiyo alikuwa yatima wa upande huohuo wa Oyugis, mwembamba, mdomo haufungi. Alikuwa anaweza kutembea kama Mtumishi, tumbo mbele na mikono nyuma, mpaka tunajiziba midomo kwa nguo tusisikike tukicheka. Mimi alikuwa ananitania eti nanuka Muhuru hata nikiota. Nikamweleza sheria ya dani yote. Alisikiliza, akacheka, halafu akaacha kucheka. Akaniuliza, "Na sasa wewe utakaa kimya mpaka lini?" Nikasema mpaka mama aje.

Zamu yake ilifika kabla ya yangu. Tulikuwa nje tunamenya njugu, kimya kabisa, kisha tukamsikia ndani ya kanisa akijibu kwa sauti ya kuvunja mabati, "Niko hapa!" Nilidondosha ungo. Jioni harufu ya chapati ilijaa boma lote, Apiyo akala na wazee, akatuangalia mara moja tu, mafuta mdomoni. Baadaye kidogo alikuja Zakayo na lori lake la ng'ombe. Lori lilipoondoka Apiyo hakuwa mahali popote. Nikamuuliza Rosbela. Akaniambia, "Apiyo ni wa Bwana sasa. Usimtaje tena." Kwetu mtu ambaye hatajwi tena ni mtu aliyezikwa. Nikaona dani alisema kweli. Ameitika, amekufa. Nililia chini ya leso, bila sauti, kwa sababu udongo haulii.

Kisha nikawekwa mimi.

Ndani ya kanisa lile joto lilikuwa linashuka kutoka kwenye mabati kama mtu anayekulalia. Mabati yakipata jua yanalia, tak, tak, na kila tak nilifikiri ni kidole. Ngoma zilikuwa zimening'inizwa ukutani. Nilikaa sakafuni, miguu nimeikunja, nikauma pembe ya leso. Sauti ikatoka nyuma ya ukuta wa mbele, nyembamba, ya mwanamke.

"Akoth."

Mkojo ulinitoka. Sikugeuza shingo.

"Akoth, nyathina."

Nyathina, yaani mtoto wangu. Kila mama wa kwetu anasema hivyo, hata kwa mtoto asiyemjua barabarani, lakini mimi wakati ule nilifikiri ni neno la mama yangu peke yake. Ndipo nikaelewa, au nilifikiri nimeelewa. Mama amekufa kule Migori. Amekuja kunichukua. Nilimtaka mama kuliko kitu chochote duniani, na kumjibu ilikuwa kufa. Nikauma leso mpaka jino likalegea. Nikanyamaza.

Rosbela akaingia, jasho linamtiririka, ameudhika. Akaniuliza kama nimesikia. Nikasema sijasikia. Akanitazama ile nguo iliyolowa, akasema, "Hata kuku akiitwa anakuja. Wewe ni kitu gani?" Nehemia alinichapa kwa nyahunyo, ule mjeledi wa ngozi, akisema ananiponda ili nifinyangwe vizuri. Sikupewa chakula. Wakanirudisha tena siku nyingine, na nyingine, na kila mara ile sauti, nyathina, nyathina, na kila mara nilimnyamazia mama yangu na kumwomba msamaha moyoni.

Siku moja nikiwa nafagia nyuma ya nyumba niliwasikia wakiongea. Zakayo alikuwa amerudi, anataka msichana mwingine. Nehemia alikuwa anasema pole pole kwamba huyu wa Muhuru bado hajaitika, na waumini wanajua hajaitika, hawezi kumtoa hivyo watu wakaanza kuuliza maswali. Zakayo akasema basi mfanye aitike. Nehemia akasema atampa nafasi moja tu, na asipoitika ataombewa mpaka kilichomziba mdomo kitoke, na akifa nacho ni mapenzi ya Mungu. Sikuelewa habari ya kutolewa. Nilielewa habari ya kufa. Kumbe huku ni kifo na huku ni kifo. Nikachagua kile ambacho dani hakunikataza.

Siku hiyo ya mwisho nilikaa palepale sakafuni. Sauti ya nyuma ya ukuta ilikuja kama kawaida, nikanyamaza. Lakini baadaye ikaja nyingine, kutoka upande wa ua, na hii ilikuwa na kikohozi ndani yake.

"Akoth. Akoth, nyathina!"

Nikafikiri sasa wamekuja wawili. Nikajiziba masikio. Kwa mbali nikasikia Rosbela akibishana na mtu langoni, anasema hapa hakuna mtoto wa jina hilo, nenda zako mama, hiyo homa inakuongopea. Kisha kimya. Kisha matawi yakaanza kuvunjika, krak, krak, upande ambao hakuna njia.

Mlango wa kanisa ulifunguliwa na kitu ambacho sitakisahau. Kilikuwa na umbo la mtu lakini uso wote mweupe, unachuruzika, macho yamefungwa, kimenyoosha mikono mbele na kinapapasa hewa. Nilifikiri ndiyo huyu sasa amefinyangwa upya. Nilipiga kelele zote nilizokuwa nimezibana tangu nifike. Kile kitu hakikusema neno. Kilifuata kelele zangu, kikajikwaa kwa ngoma, kikaja mpaka kikasimama mbele yangu kabisa, kikanishika uso, kikanipapasa pua, masikio, kidevu. Ndipo kikasema, kwa sauti ya chini:

"Akoth."

Nikasema, "Niko, mama."

Alikuwa amepita katikati ya mnyaa. Lango walimfungia, na mimi sikuitika, na yeye ni mtoto wa dani. Alijua kwa nini siitiki. Alijua pia kwamba njia ilikuwa moja tu, aje ajionyeshe. Jicho lake la kushoto halikupona tena.

Nilimshika mkono kumwongoza. Ilikuwa siku ya soko na barabarani kulikuwa na wanawake wenye magunia ya njugu, wamesimama kwa sababu ya zile kelele. Nehemia alikuja mbele yetu na kanzu yake. Akasema kwa upole, ili wasikie, "Mama, huyo ameshakuwa wa Bwana." Mama hata hakujua aelekeze uso wapi, alikuwa haoni. Akasema, "Bwana aje amchukue kwangu mwenyewe. Nyumba yangu anaijua." Mwanamke mmoja wa njugu akatoa mguno, mwingine akaweka gunia chini. Nehemia akaona macho yao, akasogea kando. Tukatoka.

Basi. Hiyo hadithi nimeitoa ushuhuda kanisani kwetu miaka mingi, na niliitoa vizuri. Nilikuwa nasema Mungu alinifinyanga kwa ile hofu, si kwa mkono wa Nehemia. Alitumia maneno ya dani, mwanamke ambaye hata hakubatizwa, kunifunga mdomo ili nisiuzwe. Na akanipa wito wangu humo humo, kwa sababu mpaka leo nikisikia mtoto amepelekwa kwa mtumishi fulani naenda kwa miguu yangu nimwone kwa macho, na mara mbili tatu nimerudi naye. Watu walikuwa wanasema amina. Wengine walilia. Mimi mwenyewe niliamini, na ilinisaidia kulala.

Mwaka huu nilipeleka omena soko la ng'ombe kule Ogwedhi. Kulikuwa na mwanamke anauza chai chini ya turubai, mnene, jino moja la mbele hakuna. Niliweka gunia langu karibu na jiko lake. Akavuta hewa puani, akasema bila kuniangalia, "Huyu mtu ananuka Muhuru hata akikaa."

Nilimwangalia muda mrefu. Alikuwa anakoroga chai. Kisha mkono wake ukasimama.

Apiyo alikuwa amenililia, aliniambia. Rosbela alimdanganya kwamba wasioitika wanazikwa nyuma ya kanisa. Kwa hivyo miaka hii yote kila mmoja alikuwa amemzika mwenzake. Tulicheka kwa hilo, tukashikana, watu wa ng'ombe wakitushangaa. Zakayo alimleta huku Ogwedhi. Kwanza jikoni na machungani, halafu mambo mengine ambayo alinieleza na ambayo siyaandiki, ni yake. Alipokufa Zakayo ndipo alipoanza kuuza chai.

Nikamuuliza kwa nini aliitika, na nilikuwa nimemwambia sheria yote ya dani. Akasema alijua tangu mwanzo ni Rosbela. Alikuwa ameona vidole vyake vya miguu chini ya mabati. "Niliitika kwa sababu ya chapati," akasema. "Nilikuwa na njaa, Akoth."

Na mimi mjinga nikaanza kumpa ushuhuda wangu. Wote, na maneno yake mazuri, vile Mungu alivyonifunga mdomo akaniokoa. Aliusikiliza mpaka mwisho. Aliondoa chai motoni ili isimwagike. Kisha akaniuliza, bila hasira, kama mtu anayeuliza bei:

"Wewe Mungu alikufunga mdomo. Mimi alikuwa wapi nikifungua wangu?"

Nilitafuta. Niliyajua maneno ambayo pasta angesema, yalikuwa yamejipanga kwenye ulimi kabisa. Hofu iliyonishika pale haikuwa ile ya saa sita mchana, ilikuwa kubwa kuliko hiyo. Nikasema, "Sijui." Nadhani hiyo ndiyo mara ya kwanza nimesema kweli juu ya Mungu mbele ya mtu mwingine. Apiyo akatikisa kichwa, akanimiminia chai.

Tangu siku hiyo sijasimama tena kutoa ushuhuda. Pasta ameniuliza kama nimerudi nyuma kiimani. Nimemwambia naomba bado, lakini naomba nikiwa nimenyamaza.

Apiyo hununua njugu kutoka kwa mchuuzi wa Oyugis, na huyo mchuuzi amemwambia boma bado lipo. Kuna lango la chuma sasa, na kanisa la matofali, na watoto wanamenya njugu nyuma. Apiyo ameniomba twende pamoja, tuingie, kisha tupite kwa chifu, na chifu akitufukuza twende kwa polisi, tutaje majina mbele yao wote. Ndiyo maana nimeyaandika hapa kwanza, yawe yameshasemwa, lolote likitokea.

Tunaenda Alhamisi. Naogopa vile nilivyoogopa siku ile, hakuna kilichopungua, na usiku huu nimejipapasa pua kama mtoto. Lakini Apiyo hakusema Mungu ametutuma. Amesema tu kuna watoto ndani, na sisi wawili tunajua vile kunakuwa huko.